Mwenzetu hataki tena kubebwa ngazini

SWALI: Dada, pole na kazi. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha kusaidiana chenye wanachama 43. Mweka hazina wetu wa zamani alikatwa miguu yote miwili, sasa anatumia kiti cha magurudumu. Mlango wa ukumbi wetu una ngazi tatu, na kila mkutano vijana wanne walikuwa wakimbeba na kiti chake, kwa moyo mweupe kabisa. Huu ni mwezi wa tatu haji. Ukimpigia anasema "nitakuja". Fundi anasema rampu, yaani njia ya mteremko ya kupitishia kiti, ya mita mbili inatosha, ila wajumbe wanauliza kwa nini tutumie fedha za kikundi kwa ajili ya mtu mmoja. Tumekosea wapi?

JIBU: Mwenyekiti, umefanya vyema kuuliza, maana wengi wakiona mtu haji husema amesusa, mambo yakaishia hapo. Huu ni mwaka wangu wa 19 kwenye kiti cha magurudumu, na nimebebwa kwenye ngazi nyingi mno. Ngoja nikueleze inavyokuwa.

Mmoja anahesabu moja, mbili, tatu. Wawili wananyanyua kwenye tatu, wawili baada ya tatu. Kiti kinalala nyuma, unabaki unatazama dari. Blauzi imepanda mgongoni na huwezi kuishusha, kwa sababu mikono yote miwili imeng'ang'ania kiti. Aliye mbele kashika pa kuwekea miguu, sehemu ambayo kwenye viti vingi imetengenezwa ili ichomoke. Yangu ilichomoka nikiwa ngazi ya pili. Sikuumia, lakini waliokuwa ndani wote walisimama kunitazama, na mkutano ule sikusikia hata neno moja lililosemwa.

Halafu kuna kutoka, na hili wanaobeba hawalijui. Ukibebwa kuingia, hutoki mpaka wabebaji wako wawe tayari. Kichwa kikiuma, unakaa. Mkikwaruzana, unakaa. Ukibanwa na haja, unakaa, ama uinue mkono utangaze mbele ya watu. Siku za mikutano ya namna hiyo nilikuwa sinywi maji tangu asubuhi. Simsemei mweka hazina wenu, ana mdomo wake. Lakini "nitakuja" ile naijua, nimeisema mara nyingi.

Sasa hiyo rampu. Nakuomba umwambie fundi asubiri. Chukua futi, pima kutoka chini hadi usawa wa mlango. Tuseme kila ngazi ina sentimita 16. Tatu ni 48. Kipimo kinachofuatwa katika kanuni za ujenzi za nchi nyingi ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita moja ya kwenda juu inadai sentimita 12 za urefu. 48 mara 12 ni 576, karibu mita sita. Mkijenga mita mbili mtakuwa mmejenga kilima: akipanda peke yake kiti kinaweza kumpindua chali, akishuka kinamkimbiza. Itabidi wale vijana warudi kumshika.

Kama mbele ya ukumbi hakuna mita sita, ikunjeni ifuate ukuta. Kwenye kona pawe tambarare, sentimita 150 kwa 150, apate kugeuza kiti na kupumzisha mabega. Mlangoni vilevile pawe tambarare, kwani hakuna anayeweza kufungua mlango huku mikono inazuia magurudumu yasirudi nyuma. Wekeni vyuma vya kushikilia pande zote mbili na ukingo mdogo pembeni, gurudumu lisichomoke nje. Uso wa rampu uachwe wa kukwaruza, usiwe laini. Vigae vinavyong'aa vikilowa ni hatari hata kwa mwenye miguu.

Na choo! Rampu nzuri isiyofika chooni ni mwaliko wa saa mbili tu. Mlango wake ufungukie nje, uachie uwazi usiopungua sentimita 80, na ukutani kuwe na chuma imara cha kujivutia.

Kuhusu "mtu mmoja": wajumbe watazame vizuri nani anapanda hizo ngazi kwa shida. Yuko mwenye goti bovu, yuko anayesukuma kigari cha mtoto, wako wanaobeba meza. Lakini hata angekuwa peke yake, alitoa michango kama wao, na fedha hizo zilitunzwa na mikono yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, katika kifungu cha 9 unataka vizuizi vitafutwe na kuondolewa kwenye majengo yanayotumiwa na umma. Wasomee, kisha waonyeshe daftari la michango lenye mwandiko wake.

Usimpigie simu tena. Nenda kwake na ile futi, pimeni pamoja upana wa kiti chake, gurudumu hadi gurudumu, na mwulize angependa kukaa wapi ukumbini. Mkiondoa kiti kimoja katikati ya safu, atakaa na wenzake badala ya kuwekwa njiani ambapo kila anayepita anamwomba asogee. Muulize na mengine ambayo mimi sikuyaona kwa sababu kiti chake si changu. Fanya hivyo wiki hii, kabla fundi hajachanganya zege.