Kabla hujakubali kuwa mzee wa kanisa, omba katiba

Nilikuwa katibu wa kanisa letu kwa miaka sita, kanisa la kiroho hapa Dar, tulioanzia chini ya turubai mpaka tukapata mabati. Siku moja binti wa kwaya alinifuata baada ya mazoezi. Mchungaji, alisema, humwita ofisini usiku kwa "maombi ya faragha", na humshikashika. Nikamjibu jibu linalonichoma hadi leo: "Subiri kwanza mwanangu, tulipeleke kwa wazee."

Wazee tulikuwa saba: mke wa mchungaji, shemeji yake, dereva wake, wawili aliokuwa akiwalipia kodi ya nyumba, mweka hazina na mimi. Kikao kikakaa sebuleni kwake, tunakunywa chai yake. Binti alisimamishwa mbele yetu, mama yake yuko pembeni khanga mdomoni, akaulizwa siku hiyo alivaa nini. Mwisho akaambiwa aombe radhi. Mzee mmoja akasoma Zaburi ya 105, "Msiwaguse masihi wangu", tukafunga kwa sala. Mstari unaotangulia hakuusoma, ule unaosema Mungu hakumwacha mtu awaonee, hata wafalme aliwakemea kwa ajili yao. Zaburi inawatetea wageni wanyonge mbele ya wakubwa. Sisi tukamkingia nayo mkubwa.

Kwa hiyo ukiitwa kuwa kiongozi, uliza nani anaweza kumsimamisha mchungaji. Ukijibiwa "Mungu pekee", rudi nyumbani. Kanisa linalosajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya hupeleka katiba, basi iombe uisome kabla ya kuwekewa mikono. Ya kwetu nimeiona nikiwa nimeshaondoka: mwanzilishi ni mwenyekiti wa maisha, wazee anawateua mwenyewe, na benki hela haitoki bila saini yake. Cha kumwajibisha, hata kifungu kimoja hakuna.

Wenye dayosisi msicheke. Kwenu ugonjwa ni uhamisho: akiharibu usharika huu, anapelekwa ule. Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Canterbury, kiongozi wa Waanglikana wakati huo, Justin Welby, alitangaza kujiuzulu kwa jinsi shauri la John Smyth lilivyoshughulikiwa. Smyth hakuwa hata mchungaji, alikuwa wakili aliyeongoza kambi za vijana. Aliwachapa vijana Uingereza, waliojua wakanyamaza, akahamia Zimbabwe akaanzisha kambi nyingine.

Na jinai si ajenda ya kikao. Kushikwa, kubakwa, kupigwa, hayo nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi siku hiyohiyo. Kama ni mtoto, piga 116, ni bure. Meseji zisifutwe, na simu asipewe mtu, hata akisema anataka kuiombea (wetu alisema hivyo hivyo). Aliyeumizwa asikutanishwe na mtuhumiwa "wapatane". Aandamane na mtu asiyekula mezani kwa mchungaji.

Sisi tulikwenda siku ya nane, mimi, binti na mama yake. Askari wa kike pale dawatini aliuliza tulikuwa wapi siku zote hizo. Nikamfungulia daftari la mihtasari. Akasoma kwa sauti: "Binti amekiri kosa na kuomba radhi." Akaniuliza mwandiko ni wa nani.

Ulikuwa wangu, na saini chini yake.