Kiangazi kila nyumba ni nzuri

Barua za wiki hii karibu zote ni za waliohamia nyumba hapa Mwanza. Vuli imeanza, na watu ndiyo kwanza wanazijua nyumba zao.

Tulihamia nyumba yetu Nyasaka mwezi wa saba. Tangu mvua zianze, chumba cha nyuma kinatoa maji sakafuni. Fundi anasema tupige rangi ya kuzuia maji ukutani. (Mama Wawili)

Mama, huyo fundi mpe nauli arudi kwao. Nyumba yako sijaiona lakini naijua: mlima umechongwa nyuma, ukuta unakaribia kugusa udongo, na katikati mmeacha vifusi, vipande vya tofali na mifuko ya saruji iliyoganda. Huko juu ni mawe matupu. Jiwe halinywi maji, kwa hiyo mvua yote ya mlimani inateremka kwako, inasimama nyuma ya ukuta, inapenya chini ya jamvi la sakafu, na kama hamkutandika nailoni kabla ya zege, inapanda.

Dawa iko nje. Zoa vifusi vyote. Chimba mtaro nyuma ya nyumba, uwe chini kuliko sakafu lakini usifukue msingi, na uwe na mteremko wa kweli. Siyo wa kukadiria kwa macho, weka pima maji. Laza bomba lenye matundu, lifunike kwa kokoto, maji uyatoe hadi kwenye mfereji wa mtaa. Usimwelekezee jirani. Ukuta uache ukauke hadi kiangazi, ndipo ufikirie rangi.

Nasema kila mwaka na nitarudia: nyumba inakaguliwa siku ya mvua. Mnakwenda saa nne asubuhi, jua kali, mnasifia marumaru na kugonga milango kama mnachagua matikiti. Hakuna anayeuliza maji ya mlimani yanapita wapi.

Rangi gani inapendeza sebuleni?

Uipendayo. Nyuma ya nyumba kuna mtaro?

Nimenunua nyumba Buhongwa. Nina karatasi yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Inatosha?

Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Haitoshi! Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi wa mauzo, muhuri wake haukupi hati. KABLA ya kutoa hela unakwenda idara ya ardhi ya halmashauri, unauliza kiwanja kimepimwa au hakijapimwa, kipo kwa jina la nani. Na kama kina hati, unafanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue kama benki haijaishika. Wewe umeshalipa, basi nenda kesho. Na hukuniuliza, lakini nakuuliza mimi: mke wa muuzaji alisaini? Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, na akina mama hao huwa wanajitokeza baada ya wewe kuweka mapazia.

Napanga Mkuyuni. Dalali anataka mwezi mmoja, mwenye nyumba miezi sita. Niwe makini na nini?

Mkataba wa maandishi, hata wa ukurasa mmoja. Siku ya kukabidhiwa funguo, soma dira ya maji mbele ya mwenye nyumba na uipige picha, usije ukalipia maji aliyooga mpangaji aliyekutangulia. Halafu LUKU, umeme wa kulipia kabla: tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo, kwa hiyo ukinunua umeme unalipa deni la mwenye nyumba. Kubalianeni mapema mtahesabianaje. Dalali mlipe ukishaona mlango umefunguka kwa ufunguo uliopewa.

Kiwanja chetu kina jiwe kubwa. Fundi anasema tujenge juu yake, hakuna haja ya msingi. (Kijana wa Mabatini)

Kijana, jiwe gani? Kuna mwamba wenyewe, ulioungana na ardhi, na huo ni msingi ambao hutaulipia. Na kuna jiwe lililokaa tu juu ya udongo, hata likiwa kubwa kama daladala. Mmezoea kuliona Jiwe la Bismarck pale majini mkadhani kila jiwe la Mwanza limetulia. Chimba pembeni. Ukikuta udongo unaingia chini yake, usijenge juu, usijenge chini, na wavunja kokoto wasiliguse mpaka aje mhandisi. Ukikuta mwamba mzima, toboa, pachika nondo, funga mkanda wa zege. Shimo la choo nalo lifikirieni sasa. Wengi wanamaliza nyumba ndipo wanagundua hakuna pa kuchimba.

Tumeonyeshwa nyumba nzuri, ziwa liko mlangoni kabisa.

Basi si nzuri. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni, na mwaka 2020 ziwa lenyewe lilipanda likawapigia wengi hodi.

Jioni wadudu wa ziwani wanajaa ndani kama moshi. Tuhame?

Hawaumi. Zima taa za nje, weka wavu madirishani, asubuhi fagia.

Nimehamia kwangu Kisesa, sina dari, kuta hazijapigwa plasta, dirisha moja nimeziba kwa turubai. Majirani wananicheka. Nimekosea? (Baba Neema)

Hujakosea, baba. Ukisubiri umalize, utamlipia mwenye nyumba watoto wake ada mpaka chuo. Hakikisha tu umeme umefungwa na fundi mwenye leseni, na waya wa ethi upo, maana radi za kwetu huku ziwani unazijua. Neti kwa watoto. Plasta itakuja.

Sisi tulihamia Igoma na godoro, jiko la mkaa na ndoo mbili. Usiku wa kwanza mvua ikanyesha. Fundi alikuwa amekosea misumari, bati likavuja, tukasogeza godoro mara tatu gizani. Mara ya tatu mke wangu akaketi, akaweka sufuria chini ya tone, akalisikiliza likigonga, akaanza kucheka. Akasema, "Hata hili ni letu."