Misukosuko ya Fedha ya Nje na Hisa Zetu za Dar es Salaam

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kondoa. Sehemu ya kiinua mgongo changu nimenunulia hisa za benki zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Redioni nasikia masoko ya Marekani yametikisika, lakini nikimpigia dalali wangu naambiwa bei haijasogea. Je, misukosuko ya nje haitufikii?

Jibu: Shikamoo, Mwalimu. Inatufikia, ila mara nyingi bei ndiyo huwa ya mwisho kuionyesha.

Bei unayotajiwa ni ya mauzo ya mwisho kufanyika. Soko letu lina ukwasi mdogo, yaani si rahisi kupata mnunuzi au muuzaji haraka, na zipo kampuni ambazo siku nzima hupita bila hisa zao hata moja kuuzwa. Wauzaji wakijipanga na wanunuzi wakakosekana, bei hubaki palepale kwa sababu tu hakuna biashara iliyofanyika. Kwa hiyo ukimpigia dalali, muulize pia oda za kununua zilizopo ni za hisa ngapi na kwa bei gani, kisha ulinganishe na zile za kuuza. Pengo likipanuka, msukosuko umekwisha kuingia.

Kutoka nje, huingia hasa kupitia riba na thamani ya shilingi. Kati ya Machi 2022 na Julai 2023, Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba yake kutoka karibu na sifuri hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50. Mwekezaji wa nje huhesabu faida yake kwa dola. Akiona anaweza kupata kiasi hicho kwao bila kujihatarisha, huku shilingi ikishuka na kulimega gawio lake (mgao wa faida anaolipwa mwenye hisa), huanza kuuza. Wapo wanaojifariji kwamba msukosuko wa fedha wa dunia wa mwaka 2008 haukututikisa sana, lakini wakati ule wageni hawakuruhusiwa kumiliki zaidi ya asilimia 60 ya hisa za kampuni iliyoorodheshwa, na ukomo huo uliondolewa mwaka 2014.

Hata hivyo, kwa hisa za benki, mimi ningetazama zaidi mambo ya hapa nyumbani. Bei ya alizeti ikianguka Singida wakati wakulima na wenye viwanda vya kukamua mafuta wana madeni, mikopo chechefu (isiyolipwa kwa wakati) huongezeka, benki hulazimika kutenga fedha za kufidia hasara, na gawio lako hupungua. Vilevile, riba za hatifungani za serikali (dhamana ambazo serikali hukopea fedha) zikipanda, mifuko ya pensheni, ambayo ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa hisa, huelekeza fedha zake huko. Tangu Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania hutangaza riba yake kila robo mwaka. Ilianza na asilimia 5.5, ikafika 6 mwezi Aprili mwaka huohuo.

Ukilazimika kuuza wakati wa msukosuko, mpe dalali oda yenye bei ya chini kabisa unayoikubali, na uyagawe mauzo mafungu mafungu. Oda kubwa isiyo na ukomo wa bei, katika soko lenye wanunuzi wachache, inaweza kuiangusha bei ya hisa zako mwenyewe.