Paka dume aliyeanza kukojoa kitandani: anza na kibofu, kisha beseni

Dada, salamu. Nimesoma uzi wako mpaka mwisho. Kwa wanaopita hapa bila kuusoma: dada yetu anakaa ghorofa ya tatu Kijitonyama, ana paka dume wa miaka mitatu, hajahasiwa, na tangu mdogo alikuwa anatumia beseni la mchanga bila shida. Sasa wiki ya pili anakojoa kwenye godoro na kwenye mswala wa shemeji. Dada mwenyewe ni mjamzito, ndugu wanamwambia paka akaachwe Feri kwenye soko la samaki, na kuna mchangiaji amemshauri amsugue pua kwenye mkojo ili ashike adabu.

Hilo la kumsugua pua, tafadhali usilifanye. Paka hakukomoi. Hawezi kuunganisha adhabu ya saa hii na mkojo wa asubuhi. Atakachojifunza ni kukuogopa wewe, na paka mwenye hofu hukimbilia uvunguni na kukojoa hukohuko. Kufukia haja ni asili yake, hakuna aliyemfundisha. Ukoo wake ni paka pori wa Afrika, na kitoto cha paka cha wiki tatu au nne tayari kinaparua mchanga chenyewe. Kwa hiyo paka aliyeacha beseni alilolizoea, ama kuna kitu kinamuuma, ama beseni limemkera. Wewe anza na maumivu, maana kwa dume hayo yanaua, tena haraka.

Nikueleze nilichokiona kwa macho yangu. Paka wangu wa kwanza hapa Tabata alikuwa dume mweupe, mtulivu sana. Kila asubuhi nikichota mchanga uliolowa nilikuwa nakuta mabonge mawili au matatu, makubwa ya kujaa kiganja. Asubuhi moja nikakuta vipande vidogo vya ukubwa wa njegere, vimetapakaa kila kona ya beseni. Nikakaa kumtazama. Aliingia, akachuchumaa mgongo umepinda, ncha ya mkia inatetemeka, akatoa sauti nzito ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Akatoka. Nikapeleka kiganja pale alipochuchumaa: mchanga mkavu kabisa. Yeye akaenda chini ya meza, akawa anajilamba sehemu zake za siri bila kupumzika.

Nilimtia kwenye tenga la kuku, nikalifunika kwa khanga asiogope, bajaji moja kwa moja mpaka kwa daktari wa mifugo. Mkojo ulikuwa umeziba. Daktari alimpa dawa ya usingizi, akapitisha mpira mwembamba kwenye njia ya mkojo, na kilichotoka kilikuwa cha rangi ya damu. Alipona, akaishi miaka mingi baada ya hapo.

Mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba kuliko wa jike. Ute na chembe ndogo za fuwele zinazojitengeneza kwenye mkojo zinaweza kuuziba kabisa. Ukiziba, figo hazina pa kupeleka taka, sumu zinabaki kwenye damu, potasiamu inapanda, na mapigo ya moyo yanavurugika. Paka anaweza kufa ndani ya siku moja mpaka tatu. Akianza kutapika, kukataa chakula na kulala amejikunja, ujue muda umeshakwenda. Usimminye tumbo ukidhani unamsaidia mkojo utoke, kibofu kinaweza kupasuka. Na usimpe panadol, hata robo ya kidonge: mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa hiyo, na inamuua.

Sasa kwa nini godoro na mswala? Paka anayeumia akikojoa huanza kuliogopa beseni, kwa sababu kwake yeye maumivu yako pale. Anatafuta mahali pengine, na mara nyingi anachagua pa laini. Ndiyo maana mimi nikisikia godoro, nguo au zulia, swali langu la kwanza huwa ni kibofu. Hata kama mkojo unatoka, anaweza kuwa na uvimbe wa kibofu bila kuziba, na huo nao unatibika. Paka mzima hukojoa mara 2 hadi 4 kwa siku na kunya mara moja hivi. Mabonge yakiwa madogo na mengi, ni kibofu. Yakiwa makubwa kuliko kawaida na maji ya kunywa yanaisha upesi, daktari aangalie figo na kisukari.

Kuhusu daktari: ofisi ya mifugo ya kata au manispaa watakuelekeza, ila uliza kabisa kama anayekuja amezoea paka, maana wengi kazi yao ya kila siku ni kuku na ng'ombe. Uwe na uhakika amesajiliwa na Baraza la Veterinari. Na namba yake itafute leo, kabla hujaihitaji saa tano usiku.

Daktari akisema mwili ni mzima, ndipo tuje kwenye beseni. Umeandika kwamba mwezi uliopita mlibadilisha, mkanunua lenye mfuniko na kulisogeza bafuni nyuma ya mashine ya kufulia ili wageni wasilione. Dada, hapo mimi naona sababu mbili kwa mpigo. Beseni lenye mfuniko linatunza harufu ndani, na joto letu hili la Dar, ikifika mchana mle ndani hapakaliki. Wewe unaona pasafi kwa nje, yeye ndiye anayeingiza kichwa. Halafu mashine ikianza kuzunguka ghafla yuko katikati ya haja, siku ya pili harudi tena. Paka anataka mahali patulivu anapoweza kuona nani anakuja, na penye njia ya kukimbilia. Kona ya varanda yenye nyavu au ya korido inafaa. Usiliweke karibu na bakuli lake la chakula au la maji, paka hapendi kula anapojisaidia.

Ukubwa wa beseni watu wengi hawaujali. Kipimo kinachoshauriwa ni mara moja na nusu ya urefu wa paka, kuanzia puani mpaka mkia unapoanzia. Beseni dogo analoingia na makalio yakabaki nje halimfai. Mimi sinunui masanduku ya dukani. Nakwenda Kariakoo kwenye maduka ya plastiki, nachukua beseni pana la kufulia lenye ukingo wa chini kiasi, au kontena kubwa la kuhifadhia nguo ambalo fundi analikata upande mmoja kuwa mlango na kuupiga msasa usimkwaruze. Paka mzee au mwenye maumivu ya viungo hawezi kuruka ukingo mrefu, mkatie uwe chini zaidi. Idadi ni moja kwa kila paka, na moja la ziada. Kwa paka mmoja kama wako, mawili sehemu tofauti yatakusaidia sana wakati huu.

Mchanga ndio ninaoulizwa zaidi. Ule wa dukani unaoganda ukilowa ni mzuri, ila bei yake wengi hatuiwezi kila mwezi, na kwa vitoto vidogo haufai kwa sababu wanaula. Mimi natumia mchanga laini uliochekechwa, ule wa mafundi wa plasta. Lakini si wa kuchota kwenye lundo lililokaa wazi mtaani! Kila paka shume wa mtaa anajisaidia palepale, na mayai ya minyoo yamo. Hata nikiununua, naukaanga kwenye karai kuukuu juu ya jiko la mkaa mpaka haushikiki kwa mkono, ukipoa nauweka kwenye ndoo yenye mfuniko. Mchanga wa ufukweni siupendi, una chumvi na haukauki vizuri. Masika yakianza mwezi wa tatu uwe tayari na akiba, kwa sababu mchanga wenye unyevu unanuka siku hiyohiyo na paka anaukataa.

Maranda ya seremala nayo yanafaa, mepesi na yanameza harufu vizuri. Muulize seremala kabla hujabeba: mbao zilizopakwa dawa ya mchwa au vanishi hazifai kabisa, kwani paka akitoka pale anajilamba miguu. Vumbi laini la msumeno linamwingia puani, chukua maranda yenyewe. Majivu achana nayo, yanachubua miguu na yanarusha vumbi. Chochote utakachochagua, kijaze kina cha sentimita 5 hadi 7, na ukitaka kubadilisha, changanya kidogo kidogo na kile alichokizoea.

Usafi: chota asubuhi na jioni. Kijiko cha matundu cha kuepulia chipsi kinafanya kazi hiyo vizuri, ukitenge cha paka tu. Mchanga usioganda umwage wote angalau mara moja kwa wiki, uoshe beseni kwa maji ya moto na sabuni ya kawaida, ulianike juani. Zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe zikiingia majini usizitumie, nyingi zina fenoli, na ini la paka haliwezi kuiondoa. Jik nayo usiimwage juu ya mkojo, inatoa hewa inayochoma kifua chako na cha paka. Ubani na manukato ya kupulizia yawe mbali na pale pia. Mchanga mchafu usiumwage chooni, utaziba bomba. Na usiumwage kwenye bustani ya mchicha. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Juni 2019, mimi nafunga kwenye gazeti na kutia kwenye kiroba cha taka.

Sasa ujauzito, maana ndugu wamekutisha na wewe ukaandika kwamba hulali. Ugonjwa wanaousema ni toksoplasmosi, na kweli unaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo usiupuuze. Lakini haupatikani kwa kumpakata paka. Kimelea chake kinatoka kwenye kinyesi, na paka hukitoa kwa wiki moja mpaka tatu hivi, kwa kawaida baada ya kuambukizwa mara ya kwanza. Kikishatoka, kinahitaji siku 1 hadi 5 ndipo kiweze kuambukiza. Umeona? Beseni linalosafishwa kila siku linakikatiza kabla hakijawa tayari. Kazi hiyo aichukue shemeji mpaka ujifungue. Ikitokea lazima uifanye wewe, vaa glavu na unawe kwa sabuni. Paka asipewe nyama mbichi wala asiachwe kuwinda panya na ndege. Na wewe mwenyewe uwe mwangalifu zaidi na mishkaki isiyoiva ndani na kachumbari isiyooshwa vizuri, kwa sababu watu wengi hukipata kupitia chakula na udongo. Waulize kliniki kuhusu kipimo cha damu. Kumtupa Feri hakukukingi na mishkaki, na yeye aliyezaliwa na kukulia ndani ya nyumba atateswa na mashume wa pale, wanaoishi kwa kugombania matumbo ya samaki.

Chakula nacho kina mkono kwenye kibofu. Paka kwa asili hanywi maji mengi, na wako anakula dagaa wakavu na vile vidonge vya dukani tu. Dagaa waloweke, wachemshe bila chumvi, mpe na supu yake. Usitie kitunguu, ni sumu kwake. Weka bakuli mbili tatu za maji nyumbani, na kama mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, mpe yale mnayokunywa ninyi.

Godoro: nyonya mkojo kwa matambara bila kusugua, mimina maji baridi yenye siki, nyonya tena, kisha sabuni ya unga yenye vimeng'enya, ile inayovunja madoa ya damu na jasho, halafu jua kali la kutwa. Usitumie chochote chenye amonia, kwa pua yake hiyo ni harufu ya mkojo na atarudi. Mswala ufuliwe na kwa sasa uwe unakunjwa na kuwekwa kabatini. Najua kwa shemeji hilo ndilo linalomuuma zaidi, mkojo ni najisi na ana haki ya kukasirika.

Kitu kimoja hukukieleza: anakojoa amechuchumaa, au amesimama, mkia juu, akirushia ukutani au ubavuni mwa kochi? Akisimama, hiyo ni alama ya dume anayeweka mipaka, na pengine kuna shume anayepita kwenye ngazi zenu. Dawa yake ni kumhasi, na kwa madume walio wengi tabia hiyo hupungua sana au kuisha. Mimi ningemhasi hata kama si hilo.

Kwa hiyo leo jioni mtazame. Akichuchumaa mchanga ukabaki mkavu, usisubiri kesho wala majibu ya hapa jukwaani, beba tenga mtoke. Akikojoa vizuri, kesho mpeleke kwa daktari na mkojo upimwe, na beseni lenye mfuniko litoe usiku huuhuu. Ukipata majibu yaandike hapa, na useme kama amechuchumaa au amesimama, nitakujibu.