Maswali ya Wasomaji: Wimbo wa Rambirambi, Waimbaji 18, Siku Moja ya Studio

SWALI: Baada ya msiba wa taifa, wanamuziki 18 tumekubaliana kutoa wimbo mmoja wa rambirambi. Studio tumepewa siku moja. Mazoezi ya kwanza yalivurugika: wanaume hawasikiki, wanawake wanakaza koo, na kila mtu anataka ubeti wake. Tuanzie wapi?

JIBU: Kwenye ufunguo wa wimbo, yaani noti ya msingi inayoamua sauti zipande au zishuke kiasi gani. Kwa kawaida mtunzi hupiga gitaa kwa ufunguo unaomfaa yeye, wenzake wakalazimika kumfuata. Kibwagizo cha wote kikae kati ya C ya katikati ya kinanda na D ya oktavu inayofuata, wanaume wakiimba oktavu moja chini. Wanawake wakizidiwa, shusheni wimbo wote toni nzima. Tuni, yaani mwendo wa sauti, iacheni ilivyo.

Kuhusu beti, pigeni hesabu. Kwa mapigo 66 kwa dakika, baa 8 (baa ni fungu la mapigo) za mapigo manne huchukua sekunde 29. Zidisheni kwa 18: karibu dakika 9, na kibwagizo bado. Chagueni sauti sita, kila moja baa 4, waliobaki waimbe wawili wawili au kwenye kwaya. Atakayenuna anune mapema, si siku ya studio.

Wimbo wa mwendo wa polepole hivi una tatizo lake: pumzi hukatika katikati ya mstari, na kila mtu huikata pake. Wekeni alama za kuvuta pumzi kwenye karatasi ya maneno, na siku mbili kabla kila mmoja awe na demo, yaani rekodi ya majaribio, yenye sauti ya kuongoza.

Studioni, rekodini kibwagizo kwanza, watu wote wakiwepo na koo zikiwa mbichi. Ndivyo walivyofanya waimbaji zaidi ya 40 waliokutana Los Angeles mwaka 1985 kuchangia waathirika wa njaa Ethiopia: kwaya kwanza, sauti za mmoja mmoja baadaye. Simameni nusu duara, mita moja na nusu kutoka kwenye maiki. Wenye sauti nene warudi nyuma hatua mbili. Imbeni mara tatu au nne mkibadilishana nafasi, kisha prodyuza azipange rekodi zote pamoja. Sikio moja liwe nje ya hedifoni ili msikilizane, na sauti ya hedifoni iwe ndogo, la sivyo mdundo wa metronomu, kihesabu mapigo mnachokisikia humo, utavujia kwenye maiki na kusikika pale wimbo unapotulia. Kwenye kipimo cha programu ya kurekodia, kilele cha sauti kisipite desibeli 10 chini ya sifuri.

Kwa sauti ya mmoja mmoja, sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki, na kichujio cha pumzi mbele. Mwimbaji akizidiwa na machozi koo hujifunga. Mrekodini mstari mmoja mmoja. Mtetemo wa kweli uacheni. Kilio cha kuigiza hujulikana tu.

SWALI: Mwenzetu aliye ng'ambo ametutumia sauti yake. Tukiiweka kwenye wimbo inakimbia na kuwa nyembamba, kama ya mtoto.

JIBU: Amerekodi kwa hezi 44,100 (idadi ya sampuli za sauti kwa sekunde), mradi wenu uko kwenye 48,000, na programu haikubadilisha. Sauti hupanda karibu nusu-toni moja na nusu, na dakika 4 hupungua kama sekunde 20. Msiivute kwa mkono. Ingizeni faili upya mkichagua kubadilisha kiwango hicho cha sampuli. Na atume WAV (faili ya sauti isiyobanwa) ya biti 24 kama faili, si kama ujumbe wa sauti, ianzie sekunde ya sifuri ya demo hata kama yeye anaingia dakika ya pili.

SWALI: Tutaje majina ya marehemu na idadi yao?

JIBU: Idadi hubadilika, wimbo haubadiliki, iacheni. Jina, kwa ridhaa ya familia tu. Chanzo cha msiba nacho kisubiri uchunguzi.

SWALI: Mapato yakipatikana?

JIBU: Andikeni kabla ya kuimba. Haki ni mbili: ya utunzi (maneno na tuni) na ya rekodi yenyewe. Karatasi moja itaje asilimia za kila haki zinazofika 100, akaunti ya kupokea, na watu wawili wa kutia saini kila fedha zinapotolewa. Kama mdundo mmeuchukua mtandaoni kwa leseni ya kukodi, someni masharti: nyingi huweka kikomo cha usikilizaji, na mwenye mdundo anaweza kuudai wimbo kupitia mfumo wa mitandao unaotambua muziki, mapato yakasimama wakati waathirika wanayasubiri.