Kwa wachoraji wa dhahania: mtu akiuliza "hii ni nini?", usimpoteze

Mkuu, umesema watu wanasimama sekunde chache mbele ya picha zako za dhahania, zile zisizoonyesha mtu wala kitu cha kutambulika, wanauliza "hii ni nini?", kisha hao wanaondoka. Swali hilo si dharau. Mtu anatafuta pa kuingilia, mpe basi, bila kumtafunia picha nzima.

Kinachoharibu zaidi ni yale maelezo ya ukutani. Karatasi imejaa "safari ya nafsi" na "mvutano wa nuru na giza", maneno yanayoweza kubandikwa kwenye picha yoyote duniani. Andika maneno 40 hadi 60, na uanze na nyenzo na kitendo: "Akriliki na mchanga juu ya turubai. Tabaka nne, mbili za juu zimekwanguliwa kwa kisu cha rangi kabla hazijakauka." Msomaji atainua macho palepale kutafuta palipokwanguliwa, na hapo umeshampata. Kisha taja kilichoianzisha picha: kutu ya mabati, ufuo maji yakiwa yamekupwa, chochote kilichoonekana kwa macho. Ishia hapo.

Jina nalo lina kazi. "Bila Jina 14" halimsaidii mtu. "Huzuni ya Mama" linamtuma amtafute mama ndani ya rangi, asipomwona anahisi amedanganywa. Jina la mahali, saa au kitendo hukaa vizuri zaidi: "Feri, Saa Kumi na Mbili Kasoro".

Tena tusisingizie kwamba watu wetu hawajazoea dhahania. Kanga ina pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (maneno yake). Mvaaji anasoma nakshi na maneno kwa pamoja, wala haulizi kila duara linawakilisha nini. Wachongaji wa Kimakonde wana mtindo wa mawingu, umbo linalojipinda bila kulazimika kuwa mtu wala mnyama, na wateja wanaununua. Mtazamaji wako jicho analo tayari.

Kutundika: katikati ya picha iwe sm 145 hadi 150 kutoka sakafuni, na kubwa ishuke zaidi. Mark Rothko, mchoraji wa dhahania wa Marekani, alitaka zake kubwa zikae chini na mtu asogee karibu, kama sm 45 tu, rangi imzunguke. Usijaze ukuta picha 20. Sita za mfululizo mmoja, zenye rangi tatu au nne zinazojirudia, zinatosha. Akifika ya tatu mtu anaanza kulinganisha mwenyewe. Na taa ya njano inaua bluu, kwa hiyo balbu ziwe nyeupe, zote za aina moja.

Mtandaoni tatizo ni kwamba simu inalaza kila kitu. Ipige kazi yako picha kando ya dirisha, flashi imezimwa, mwanga ukitokea ubavuni ili unene wa rangi utoe vivuli. Weka tatu: nzima kwa mbele, kipande kwa karibu, na moja yenye kiti au mtu pembeni. Bila hiyo ya tatu hakuna anayejua kama picha ina sm 30 au mita mbili.

Mtu akiwa mbele yako, usimuulize "umeelewa?", utakuwa umemtia kwenye mtihani. Muulize "jicho lako limeanzia wapi?" kisha nyamaza. Akisema anaona samaki, usimkosoe. Muulize samaki huyo yuko upande gani. Yaandike majibu. Watu wasiojuana wakianza kutaja kona ileile, umejua picha inavuta wapi, na mara nyingi si pale ulipopanga.

Bei ziwe wazi, maana wengi wanaona aibu kuuliza na wanaondoka kimyakimya. Ndani ya mfululizo uleule weka na kazi ndogo za karatasi, sm 20 kwa 20, kwa anayenunua mara ya kwanza. Akishanunua, omba picha ya mahali alipoitundika na ruhusa ya kuiposti. Wanaosita kwa kutojua itakaaje sebuleni kwao huipitia hiyo kabla ya zote.