Maswali na majibu ya elektroniki: Msizike kabla ya kujua aliyeua

Nimebadilisha kapasita, nikawasha, ikapasuka papo hapo. Ni feki?

Uliiweka kinyume kikopo hicho cha kuhifadhi chaji. Mstari ule ubavuni unaonyesha mguu hasi, si urembo. Ndani, juu ya karatasi ya alumini, kuna utando wa oksidi unaodumu umeme ukija upande mmoja tu. Ukigeuza, utando unalika, mkondo unapenya, majimaji yanachemka na gesi inatafuta pa kutokea; ndiyo maana kichwani pamechorwa mikato, pafunguke hapo badala ya kulipuka kote. Ukiipa kapasita ya volti 16 umeme wa volti 24, utafika huko huko hata kama miguu iko sawa. Kapasita za metali ya tantali ni hatari zaidi: mstari wake huonyesha chanya, na zikigeuzwa zinaweza kuwaka moto. Ukiwasha mara ya kwanza, usiinamie saketi.

LED moja nyekundu kwenye betri ya volti 9, lazima rizista?

Lazima. Jana lazima, leo lazima. LED, ile taa ndogo, inachukua kama volti 2. Zile 7 zilizobaki ni za rizista, inayobana mkondo: ugawe kwa ampea 0.02, upate omu 350. Weka 390, juu kidogo kwa usalama.

Adapta ya ampea 5 itaunguza kifaa cha ampea 1?

Haiunguzi, mradi volti ni zile zile na chanya na hasi hazijapishana. Kifaa huchota kinachohitaji. Volti ndizo zinazoua, na ndizo hamniulizi.

Transista inayoendesha rilei inakufa kila baada ya siku chache. Hii ni ya nne.

Ya nne! Na ya tano itawafuata wenzake. Koili ya rilei, ule waya uliozungushwa unaovuta swichi yake kwa sumaku, ikikatiwa umeme ghafla, nguvu ya sumaku iliyomo hurudi kama volti mamia, hata rilei ikiwa ya volti 12. Funga diodi ya 1N4007, inayopitisha umeme upande mmoja tu, sambamba na koili, mstari wake ukielekea chanya. Ukiigeuza, transista itakufa siku hiyo hiyo. Kila wiki napata barua kama hii: mtu anazika maiti nne wala hajauliza muuaji ni nani. Kilichoungua mara nyingi hakina kosa. Kosa liko kwenye kilichounganishwa nacho, au kilichosahauliwa.

Fyuzi inakatika kila nikiwasha. Niweke kubwa zaidi?

Usiweke. Kuna shoti, itafute kwa multimita umeme ukiwa umezimwa. Na kile kipande cha waya ulichokwisha kufunga mahali pa fyuzi usiniambie, kitoe.